Jibu: Ziwa na historia karibu na Arusha

Salaam dada. Umeuliza wapi uwapeleke watoto Jumamosi moja: ziwa, ufukwe wa kuogelea na historia kidogo, bila kulala nje ya Arusha.

Kwanza waulize watoto kama lazima waogelee. Ziwa Duluti, pale Tengeru, ni shimo la volkano, kingo zake zinashuka ghafla na hakuna ufukwe wa mchanga. Wangu sikuwaruhusu kuingia majini. Lakini njia ya kuzunguka ziwa msituni inatosha kuwachosha. Tulimkuta kenge amejilaza juu ya mzizi, ulimi ukitoka na kurudi, na mwanangu mdogo wa miaka sita akasahau kabisa habari ya kuogelea. Wavalishe viatu vinavyoshika, maana mvua ikinyesha panateleza.

Panda daladala ya Usa River, shuka Tengeru, kisha bodaboda. Kiingilio unalipa getini. Jumamosi ni siku ya gulio, barabara inajaa, kwa hiyo wahi asubuhi.

Historia usiikose: makaburi ya Wapolandi, hapo hapo Tengeru. Walianza kufika 1942, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, wakaja kupitia Iran. Muulize mwenyeji njia, kisha omba mlinzi akufungulie. Binti yangu alisimama muda mrefu mbele ya kaburi dogo la saruji, akaniuliza mama yake huyu alirudi kwao? Hapo ndipo nilipoona safari yetu imefika.