Tetemeko moja, namba mbili

SWALI: Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilitangazwa kwanza kuwa la ukubwa wa 5.7, baadaye tukasikia 5.9. Nani alikosea? Na hupimwa kwa mashine gani? (Msomaji, Muleba)

JIBU: Hakuna aliyekosea. Namba ya kwanza hutolewa na kompyuta dakika chache tu baada ya mtikisiko, kwa vituo vichache vya kupimia vilivyokwisha kupokea mawimbi. Data za vituo vya mbali zikiingia, wataalamu huzipitia kwa macho na kurudia hesabu, mara nyingi kwa fomula nyingine. Lakini hiyo 0.2 usiidharau: kwa nishati ni mara mbili. Kutoka 5 hadi 6, ardhi hutikisika mara 10 zaidi, na nishati huongezeka mara 32 hivi.

Mashine ni seismomita. Ndani yake mna uzito ulioning'inizwa kwenye springi. Ardhi ikitikisika kasha huenda nayo, uzito hubaki nyuma, na koili na sumaku hugeuza tofauti hiyo kuwa umeme unaorekodiwa pamoja na saa ya GPS. Hufukiwa au kuwekwa juu ya mwamba, kwani malori, upepo mitini na hata joto la mchana huichafulia rekodi.

Saa ndiyo roho ya kazi. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili: la P, lenye kasi, hutangulia; la S, la polepole, hufuata. Zidisha sekunde za pengo lao kwa 8, utapata umbali kwa kilomita: sekunde 20 ni kama kilomita 160. Chora kwenye ramani duara la umbali huo kuzunguka kila kituo. Matatu yakikatana, kitovu (mahali palipo juu ya chanzo cha tetemeko) kiko hapo. S huanza wakati P bado inatikisa, hivyo ni rahisi kuisoma vibaya, na sekunde moja ya kosa ni kilomita 8. Zaidi ya hayo, la Kagera lilianzia kina cha kilomita 40 hivi. Umbali unaoupata ni wa kwenda chini kwa mshazari, kwa hiyo maduara hupitana badala ya kukutana kwenye nukta moja mpaka uingize kina kwenye hesabu.

Kuhusu kuziita namba hizi za “Richter”, hayo ni mazoea ya redioni. Mwanasayansi Charles Richter alibuni kipimo chake mwaka 1935 kwa ajili ya California: mchoro wa milimita 1 kwenye seismomita ya wakati huo, ya Wood-Anderson, kilomita 100 kutoka kitovu, ni tetemeko la 3. Kipimo hicho kikikaribia 7 hugota. Matetemeko makubwa zaidi huonekana kama yanalingana. Ndiyo maana mwaka 1979 wanasayansi Hanks na Kanamori walileta kipimo cha momenti: eneo la ufa, mara urefu mwamba ulioteleza, mara ugumu wa mwamba. Ile 5.9 ni ya kipimo hiki.

SWALI: Mbona Bukoba nyumba zilianguka, Kampala watu wakashtuka tu, na namba ni ile ile? (Msomaji huyo huyo)

JIBU: Namba ni ukubwa wa tetemeko lilikoanzia. Ukali wa mahali ulipo hupimwa kwa kipimo kingine kiitwacho Mercalli, I hadi XII (1 hadi 12), na hutegemea umbali, udongo na tofali ulilojengea.