Kutuliza kamera kwa mabomba ya nusu inchi

SWALI: Napiga video za harusi hapa Morogoro kwa kamera ndogo yenye uzito wa nusu kilo hivi. Nikitembea kuwafuata maharusi wanapoingia ukumbini, picha inatikisika mno. Kifaa cha umeme cha kutuliza kamera sikimudu kwa sasa. Je, naweza kujitengenezea changu kwa vifaa vya duka la ujenzi?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, na gharama yake ni ndogo. Kazi yote inafanywa na uzito na mahali unapouweka. Kamera nyepesi ikiwa mkononi, kiwiko kikitikisika kidogo tu nayo inageuka. Ukiifunga juu ya bomba na kuweka uzito mwingine chini, inakuwa ngumu kugeuka ghafla. Umbali ndio unaosaidia zaidi: uzito uleule ukiwa mbali maradufu na mkono wako, ugumu huo unaongezeka mara nne. Kwa hiyo usirundike kilo tatu kwenye bomba fupi. Utachoka kabla maharusi hawajafika jukwaani.

Nunua bomba la chuma la nusu inchi, tii moja (kiungo cha bomba chenye umbo la T) na vifuniko vitatu. Fundi bomba akukatie vipande vyenye hesi (mikato ya kukazia kwa kuzungusha): sentimita 20 cha juu, 25 cha chini, na 15 cha kushikia, kitakachoingia ubavuni mwa tii. Toboa kifuniko cha juu katikati, pitisha bolti kutoka ndani, ikaze kwa nati. Juu yake weka nati ya masikio, washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu) na kipande cha mpira wa tyubu. Kamera ikishaingia, nati ya masikio unaikaza kwenda juu ili isilegee.

Kwenye bolti nakusihi uwe makini sana. Tundu lililo chini ya kamera ni la robo inchi, hesi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 6, ambayo ni rahisi kuipata madukani, inafanana nayo kwa macho, lakini hesi zake zimebanana zaidi. Inaingia kidogo kisha inakwama, na ukiilazimisha inaharibu hesi za kamera. Zungusha kwa vidole tu, ikigoma, iache. Tena isichomoze zaidi ya milimita 4 au 5 juu ya mpira, maana ikigonga mwisho wa tundu inaweza kupasua kitako.

Kifuniko cha chini nacho kitoboe, utundike washa nzito kwa bolti ndefu, uweze kuzipunguza na kuziongeza. Sasa laza fremu juu ya kidole, kamera ikiwa imefungwa, utafute inapokaa bila kuelemea upande. Mahali hapo pawe chini ya tii kwa sentimita 1 au 2. Pakiwa juu ya tii, kamera itapinduka. Pakiwa chini sana, fremu itabembea kila unapoanza kutembea au kusimama, na hili ndilo kosa la wengi: wanadhani chini kukizidi kuwa kuzito, picha inazidi kutulia. Hakikisha hivi: shika kishikio kwa kulegeza vidole, inua bomba hadi lilale, kisha liachie. Likirudi wima kwa sekunde 2 au 3, umepata. Likianguka papo hapo, punguza washa.

Unapopiga, vidole viwili vya mkono wa pili viguse bomba la chini kwa wepesi, kwa kuongoza tu.

Mruko wa hatua, juu na chini, fremu hii haiuondoi. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera, miaka ya 1970, aliutatua kwa mkono wa springi uliofungwa kwenye fulana ya mpigapicha. Wewe kunja magoti kidogo, tanguliza kisigino, tumia lenzi pana na usogee karibu badala ya kuvuta picha, kwa sababu kuvuta kunakuza kila mtikisiko. Wakishaketi, hamishia kamera kwenye stendi.