Swali la lugha: Miji janja au miji mijanja?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Dodoma. Naandaa tangazo la mkutano kuhusu taa za barabarani na kamera zinazotarajiwa kufungwa mtaani kwetu. Karatasi niliyopewa inasema "miji janja", yaani smart cities kwa Kiingereza, miji inayoendesha huduma zake kwa teknolojia ya kidijitali. Mjumbe wangu mmoja, mwalimu mstaafu, anasema sarufi inataka "miji mijanja". Mama mmoja naye akauliza: mji ukiwa mjanja, anayelaghaiwa ni nani? Niandikeje?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, mwalimu hakukosea kanuni. Kivumishi -janja huchukua upatanisho: mtu mjanja, watu wajanja. Kwa kanuni hiyo mji ungekuwa mjanja, miji mijanja, majiji majanja.

Lakini sikiliza watu wanavyosema dukani. Hakuna anayeomba "simu njanja". Tunasema simu janja, tukiitenga na kitochi, na hapo janja limeacha kuwa kivumishi cha kawaida. Limeshikana na simu vikawa jina moja, kama mbwa mwitu au askari kanzu, ambapo neno la pili halibadiliki hata wakiwa mia. Kwa sababu hiyo naunga mkono mji janja, miji janja, majiji janja. Kule kukosa kiambishi ndiko kunakomjulisha msomaji kwamba hii ni istilahi. Ukiandika "mji mjanja" umemrudisha sungura wa hadithini, na swali la yule mama linakuwa halali kabisa.

Swali lake nalithamini sana, maana neno hili limetoka kwenye janja ya nyani na mambo ya janjajanja, na harufu hiyo haijaisha. Wapo wanaopendelea "mji mahiri". Kisarufi ni jepesi, halidai kiambishi popote, lakini mahiri kwetu ni fundi au mshairi, mtu aliyeiva kwa mazoezi. "Smati" nalo tumeshalipeleka kwenye mavazi. Nabaki na janja.

Kwa Dodoma, andika jiji janja. Mji, kijiji na jiji ni shina moja, -ji: kijiji ni udogo wake, jiji ni ukubwa wake, na Dodoma imekuwa na hadhi ya jiji tangu Aprili 2018.

Sasa niruhusu niguse jambo ambalo hukuliuliza. Katika karatasi uliyonitumia, kinachonisumbua zaidi ya janja ni sentensi hii: "Wananchi watashirikishwa katika utekelezaji." Tazama kitenzi kinavyosafiri: shiriki, shirikisha, shirikishwa. Anayeshiriki anatenda. Anayeshirikishwa anangoja mtu amwite, na sentensi haisemi ni nani atakayemwita wala lini. Hapa kwetu vitenzi vya namna hii tumevizoea mno. Tangu 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikapewa kazi ya kuyajenga, mkazi amekuwa mtu wa kupimiwa, kugawiwa, kuhamishwa. CDA ilivunjwa mwaka 2017, vitenzi vimebaki.

Linganisha na zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, la kuzipa barabara majina na nyumba namba. Mtaani kwetu tulikaa kikao kuchagua majina ya vichochoro. Kimoja kilipewa jina la kisima kilichofukiwa zamani, ambacho wazee peke yao ndio waliokikumbuka. Leo kijana wa bodaboda anaingia na simu janja yake, anapunguza mwendo, anasoma kile kibao cha bati chenye jina la kisima, anasimama mlangoni pangu bila kuuliza mtu. Ukitaka kueleza hilo kwa Kiswahili kilichonyooka, kila mmoja anapata kitenzi chake: serikali iliagiza namba, kampuni za simu zilisimamisha minara, wakazi walichagua jina. Hakuna aliyeshirikishwa, wote walifanya. Ukisema "jiji janja limeboresha huduma" umewafuta wote watatu, na siku taa zikizimika hutajua umwulize nani.

Kwa hiyo usimpe jiji kazi ya kutenda. Wape watu, kwa majina ya nafasi zao. Na kwenye kamera, ambako jambo ni nyeti zaidi, taja pia nani atatazama picha. Hili nakusihi usiliache.

Tangazo lako ningeliandika hivi:

"Wakazi wa mtaa wetu, tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi kwenye ofisi ya mtaa. Tutaamua taa za barabarani zikae wapi. Halmashauri ya Jiji italeta ramani. Kampuni itakayofunga kamera itaeleza nani atatazama picha na zitahifadhiwa kwa muda gani. Njoo na namba ya nyumba yako, uoneshe kwenye ramani mahali penye giza."