Swali la lugha: Ana mori au ana shari?

SWALI: Katika hadithi yangu nimeandika: "Yule kijana ana mori, hazipiti siku mbili hajagombana." Mwenzangu aliyeisoma anasema neno hilo si mahali pake, niandike "shari". Mimi naona yote mawili ni kutaka kupigana. Tofauti iko wapi?

JIBU: Hapa mwenzako kakushinda.

Mori ni hamu kali ya kupigana inayomjia mtu kwa ghafla, mara nyingi baada ya kuchokozwa. Tazama kitenzi kinachoandamana na neno lenyewe: mori humpanda mtu, naye hupandwa na mori, kama anavyopandwa na hasira au na pepo. Hakwenda kuutafuta, umemkuta. Mpole asiyejua hata kukunja ngumi, akiona mdogo wake anazabwa kofi, mori unaweza kumpanda: shati linavuliwa, watu wanamshika mikono, naye anafurukuta, "Niacheni! Niacheni nimwonyeshe!" Nusu saa baadaye mori umeshuka, anauliza shati lake liko wapi. Wapo wasemao "amepanda mori". Si kosa, ila mimi hupenda "amepandwa na mori", kwa sababu hapo inajulikana nani kampanda nani.

Na mori si hasira tupu. Mtu aweza kukasirika akanuna wiki nzima. Mwenye mori hakai kitini.

Shari tumelipata kwa Waarabu, na maana yake pana ni uovu, kinyume cha heri. Ndiyo maana husemwa "kwa heri au kwa shari". Likija kwenye ugomvi, shari hutakwa, hutafutwa. "Wewe, unataka shari?" huulizwa mtu aliyekukanyaga mguu kusudi, sasa kasimama anangoja ufungue mdomo. Moyo wake umetulia kabisa. Mori hana hata chembe. Akizoea mchezo huo huitwa mtu wa shari, au mshari. Lakini "mmori" sijapata kumsikia.

Watangazaji wa mpira nao husema timu imerudi kipindi cha pili na mori. Hapo ngumi hazimo, ni ari tu iliyokolezwa chumvi, na sina ugomvi nao.

Basi andika: "Yule kijana ni mshari, hazipiti siku mbili hajagombana." Mori mwekee yule jirani atakayechoka kuchokozwa naye.