Kabla Hujapanda Gondola, Jua Utashukia Wapi

Kila theluji ikianza kukolea, simu za ndugu na jamaa wa Lowell na Worcester huanza kuingia: anko, wikendi hii tunakwenda kuteleza kwa skii Killington, tupe maujanja. Nguo wanazo. Kukodi skii na viatu wanajua, na darasa la wanaoanza pale Snowshed wameshalimaliza. Kinachowasumbua ni kule juu. Gondola ya K-1, lifti ya vibanda vinavyopanda kwa waya, inakushusha karibu kabisa na kilele, njia zinatawanyika kila upande, upepo unakupiga usoni, na kila mtu anaonekana anajua aendako isipokuwa wewe.

Kwanza niseme kuhusu mlima wenyewe. Killington uko Vermont, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kilele chake kina mita 1,293, cha pili kwa urefu katika jimbo lile baada ya Mount Mansfield. Mtu aliyekulia Moshi ataona ni kilima tu, na urefu kweli hautakusumbua. Kinachopoteza watu ni upana. Eneo limetandazwa juu ya vilele sita vilivyoshikana: Rams Head, Snowdon, Killington, Skye, Bear na Sunrise. Ukitoka juu unaweza kuishia kituo cha chini cha K-1, Snowshed, Rams Head, Bear Mountain, au kituo cha gondola nyingine, Skyeship, kilicho kando ya barabara kuu ya Route 4. Hapo ndipo mazungumzo haya yanapozaliwa, na mimi nimeyasikia mno:

"Anko, nimeshafika, niko chini."

"Chini wapi?"

"Hapa chini, kwenye mgahawa."

Kila kituo kina mgahawa. Kijana anasubiri Bear Mountain, anko amesimama K-1 na funguo za gari mkononi, na kati yao kuna mlima mzima.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachomwambia mtu ni kwamba achague mahali pa kufikia kabla hajachagua njia ya kupita. Hupandi daladala kisha ndiyo uulize inaishia wapi. Ukishajua kwamba unataka kurudi K-1, kila njia panda utakayokutana nayo inabaki na swali moja tu: hii inanirudisha K-1 au inanipeleka kwingine? Mtu anayeshuka huku akifuata kundi, au akifuata jina la njia lililompendeza, ndiye utakayemtafuta saa kumi.

Majina yenyewe yana mtego. Kuna Great Northern na kuna Great Eastern. Zote mbili ni za kijani, yaani za wanaoanza, zote ni ndefu, na mtu aliyesoma ramani haraka huzichukulia kama mapacha. Great Northern inaanzia huku juu ya gondola ya K-1, nayo ndiyo njia nyepesi ya kushuka kutoka kilele kikuu. Inaukata mlima kwa mshazari kuelekea pande za Snowdon na Rams Head. Great Eastern inatoka Skye Peak na kuteremka hadi kule Route 4. Ukikosea ukaishia Rams Head, hujaharibikiwa, kwani Rams Head na Snowshed zinatazamana, barabara tu ndiyo inazitenganisha, na K-1 iko mbele kidogo. Ukikosea ukaishia Route 4, inabidi upande Skyeship, gondola ya vipande viwili, mpaka Skye Peak ndipo uanze upya kurudi nyumbani. Na siku ya upepo mkali gondola husimamishwa, hapo inabaki basi au kumpigia anko.

Great Eastern pia ina sehemu zilizolala. Mwenye skii atasukuma kwa fimbo, atatoka jasho, lakini atafika. Mwenye ubao wa snobodi akipoteza mwendo pale, atavua mguu mmoja na kuchechemea huku watoto wa miaka sita wakimpita. Ukiona njia inaanza kulala mbele yako, usifunge breki.

Sasa ramani. Hizi ramani za milima ya skii si kama za Google. Huchorwa kwa mkono, na nyingi za Marekani ni kazi ya msanii mmoja, James Niehues, aliyechora zaidi ya milima 200. Mchoraji anaukunja na kuubana mlima ili kila njia ionekane katika karatasi moja, hata zile ambazo kwa kweli ziko ubavuni. Matokeo yake umbali unadanganya, na mteremko unadanganya zaidi. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: ramani imechorwa kama unavyouona mlima ukiwa umesimama chini unautazama. Kwenye karatasi ya Killington, Skye na Bear ziko kushoto, Snowdon na Rams Head ziko kulia. Wewe umesimama juu, umeupa mlima mgongo. Kushoto kwa ramani ni kulia kwako.

Nimeona watu wazima, wahandisi, wakibishana juu ya jambo hili pale pale gondola inaposhushia. Dawa yake ni rahisi: igeuze ramani juu chini, vilele viwe upande wa tumbo lako na vituo viwe upande wa mbele. Majina yatasomeka kichwa chini, sawa, lakini mkono wako wa kulia na wa karatasi vitakubaliana. Na ipige picha ile ramani kubwa ya ukutani ukiwa bado chini penye joto. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, sio mfuko wa nje wa koti, kwa sababu baridi ya huko juu inaimaliza betri ukiwa unaangalia.

Rangi nazo zina mambo yake. Waliojifunzia Ulaya wamezoea buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Marekani nyekundu haipo: kuna duara la kijani, mraba wa buluu, almasi nyeusi, na almasi mbili ambazo mimi nawaachia wenyewe. Rangi hupangwa na kila mlima kwa kulinganisha njia zake wenyewe, basi buluu ya kilima kidogo karibu na Boston haikuandai kwa buluu ya Killington, hasa asubuhi yenye barafu, na Vermont barafu haiadimiki. Pale kwenye kilele kikuu, almasi zinaanza mlangoni kabisa: Cascade, Downdraft, Double Dipper. Cascade inapita chini ya gondola yenyewe. Badala ya kutazama simu wakati wa kupanda, tazama chini, utawaona wanaoshuka wanavyohangaika, na utajua mapema kama una shughuli nayo.

Ukiwa Skye Peak unataka K-1, tafuta Bittersweet, ni ya buluu. Jirani yake ni Superstar. Hapo ndipo mbio za Kombe la Dunia la skii la wanawake zilipofanyika zilipokuja Killington mwaka 2016, na Mmarekani Mikaela Shiffrin akashinda slalomu, mbio za kupinda kati ya milingoti. Inatazamwa vizuri sana kutoka chini na kikombe cha chokoleti ya moto.

Kuna siku kilele kinavaa ukungu na vibao vyote vinagandiwa barafu nyeupe, manyoya manyoya, huoni herufi hata moja. Kifute kibao kwa glavu. Usione haya, wanaokupita kwa kasi wengi wao hawakukisoma pia. Subiri pembeni, kwenye ukingo, mahali ambapo wanaotoka juu wanakuona. Usisimame katikati wala nyuma ya tuta. Na ukiona koti jekundu lenye msalaba mweupe, huyo ni mtu wa doria. Muulize. Sisi tuna tabia ya kuogopa watu wenye sare, lakini huyu kazi yake ni kukuelekeza, na atafurahi zaidi kukuonyesha njia saa nane mchana kuliko kukutafuta na tochi usiku.

Hilo la tochi silisemi kwa kutania. Nyuma ya kilele, nje ya kamba ya mpaka wa eneo la skii, kuna msitu unaoteremka kuelekea bonde jingine kabisa, ambako hakuna lifti wala mgahawa. Theluji mpya ikidondoka, mtu mmoja anapita chini ya kamba, anaacha alama, wa pili anaziona anadhani ni njia, wa tatu anaona alama mbili. Januari 2024 watu 23 walipotea huko kwa siku moja, watoto wakiwemo, wakatolewa na waokoaji usiku kwenye baridi kali. Sheria ya Vermont inaruhusu mtu aliyetoka nje ya mipaka kudaiwa gharama za kuokolewa. Alama za skii kwenye theluji si kibao. Ukiona umevuka kamba na miti inazidi kubana, simama, panda kwa miguu ulikotoka, hata kama ni aibu na ni nusu saa ya kuhema.

Mwisho ni saa. Desemba jua la Vermont linazama kama saa kumi na robo jioni, na kivuli kinafika kwenye mapito mapema zaidi. Lifti hazifungwi zote pamoja. Nyakati zimeandikwa kwenye ubao wa chini na kwenye programu ya simu, zisome asubuhi. Anayepaki K-1 halafu akaenda kucheza upande wa Bear anaitegemea lifti ya Skye Peak Express imrudishe. Mimi naondoka Bear kabla ya saa tisa, hata kama theluji ni tamu. Watoto ninaokwenda nao nawaandikia kwenye kikaratasi, "K-1, mlango wa upande wa maegesho", wanatia mfukoni na kufunga zipu. Akipotea atamwonyesha yeyote, hata kama simu imekufa na Kiingereza kimemkimbia.