Mwanangu, anza na sauti

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Ngamiani wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama baridi ya Dodoma imepungua.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema una mashairi kumi na mawili kwenye daftari, una simu tu, hujawahi kuhariri video hata moja, nawe unataka kuyageuza yawe video. Ukaniuliza uanzie wapi: ununue kamera, utafute muziki, au uiambie akili mnemba ikutengenezee picha. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimepiga video za harusi mjini hapa tangu enzi za kanda. Basi nakujibu kwa niliyoyaona, na kwanza kwa nililoliharibu.

Mwaka 1996, alipoolewa shangazi yako mdogo, bibi yako alisimama uani akamghania mwanawe beti za wosia alizozitunga mwenyewe. Kamera nilikuwa nimemwelekezea yeye. Siku zile desturi ya kazi yetu ilikuwa kuifunika harusi nzima kwa muziki wa kinanda, mwanzo hadi mwisho. Wateja waliona ndiyo video ya kisasa. Nami nikafunika. Kanda ya asili nikairekodia harusi ya wiki iliyofuata, maana kanda zilikuwa ghali. Ukiiweka leo ile iliyobaki utamwona Bibi, kanga begani, kinywa kinafunguka na kufumba, watu wanapangusa machozi, na kinachosikika ni kinanda. Beti nne nimezipata kwa kuwauliza shangazi zako. Nyingine kaondoka nazo 2009.

Kwa hiyo anza na sauti, mwanangu. Kabla hujagusa kamera, rekodi shairi lako. Mizani, yaani silabi unazozihesabu kwa vidole, kituo cha katikati ya mshororo, kina kinachorudi, vyote hivyo ni mambo ya sikio. Sauti ikiwa nzuri na picha mbovu, mtu atasikiliza mpaka mwisho. Sauti ikiwa na mwangwi na upepo, hata uweke picha ya namna gani, ataacha kwenye ubeti wa kwanza. Nimeliona hilo kwa wateja miaka yote: picha ikitetemeka wanasamehe, hotuba ya baba wa bibi harusi isiposikika wanarudisha kanda.

Studio huhitaji. Fungua kabati la nguo, sogeza magauni, uingize kichwa na simu humo, au jifunike blanketi zito kitandani. Nguo zinameza mwangwi. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, usiisemee usoni moja kwa moja, la sivyo kila P na B itapasuka, na sisi watu wa pwani P zetu zina pumzi. Zima feni, zima friji, weka simu katika hali ya ndege. Subiri usiku, bodaboda zikishalala. Ukishabonyeza kurekodi, kaa kimya sekunde kumi ndipo uanze. Kimya hicho cha chumba utakihitaji baadaye kuzibia mapengo. Ukikosea, usisimamishe, rudia mshororo mzima na uendelee. Kisha nakili faili la asili mahali pawili, na usilifute hata ukiishiwa nafasi kwenye simu. Futa kitu kingine.

Usijilazimishe kughani kama hujazoea. Soma kama unamsomea mtu mmoja unayemjua.

Sasa picha. Nimeuchukua ubeti wako wa kwanza, ule ulionitumia wa Bibi na mkeka wake (ukindu ni majani ya kusukia, chane ni vipande vyake vyembamba, kili ni mikanda iliyosukwa), nikuoneshe nao:

Bibi yuko barazani, ukindu ameushika,
Chane zimo vidoleni, moja moja azisuka,
Jua lashuka shambani, kili hazijakatika,
Bibi, lipi la moyoni, mbona huishi kucheka?

Najua utakalotaka kufanya: umtafute bibi kizee, umkalishe barazani, umpe ukindu, jua likizama. Kila anayeanza hufanya hivyo, na ndipo video huwa nzito, kwa sababu mtu anaambiwa jambo moja mara mbili, mara kwa sikio na mara kwa jicho. Maneno yako yameshamweka Bibi barazani. Macho yapewe kile ambacho shairi halikukisema. Piga picha ya baraza lenyewe, tupu. Piga mabaki ya ukindu wa rangi sakafuni, yale anayofagia mtu kazi ikiisha. Piga alama ambazo mkeka huziacha kwenye paja la mtoto aliyelala. Hiyo ya mwisho ukiiweka chini ya mshororo wa nne, hutahitaji kicheko chochote.

Kwa video yako ya kwanza, picha moja kwa ubeti mmoja. Nimelisoma shairi lako polepole huku nikitazama saa: ubeti mmoja wa mizani 64, pamoja na vituo, unachukua kama sekunde 25. Beti tano ni dakika mbili na kidogo. Picha tano, sauti moja. Hiyo unaimaliza Jumamosi moja. Baadaye, ukizoea, utakata picha mwishoni mwa mshororo, na siku moja utathubutu kukata kwenye kituo, kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza ya mshororo na nusu ya pili. Ila usikate katikati ya kipande; hata asiyejua arudhi, kanuni za ushairi, atahisi kasukumwa.

Simu iegemeze kwenye kinu, kwenye dirisha, popote, usiishike mkononi. Bonyeza kurekodi video, hesabu moyoni mpaka arobaini, ndipo uzime. Usivute picha kwa vidole, sogea mwenyewe. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, jua la katikati linaua rangi ya ukindu. Gusa kioo mahali unapotaka paonekane, ushikilie kidole kidogo. Simu nyingi zitafunga mwanga pale usipande wala kushuka. Na amua mapema kama video itasimama au italala. Watu wengi watakutazama kwenye simu, kwa hiyo isimame, na itakufaa kwa jambo jingine: kipande cha mizani nane kinaenea vizuri kwenye upana wa simu iliyosimama. Andika ukwapi juu, utao chini yake, viwili tu kwa wakati mmoja. Acha sehemu ya chini ya kioo wazi, maana jina na maelezo ya mtandao hukaa hapo, na upande wa kulia pana vitufe. Maneno yaandike mwenyewe. Mashine ya kunukuu sauti haijui "chane" wala "kili", na simu yenyewe itataka kukusahihishia hadi mizani ipotee.

Programu ya kuhariri isikusumbue kichwa. CapCut inatosha kwenye simu. Ukipata kompyuta, Kdenlive na Shotcut ni bure, na Audacity kwa sauti. Weka sauti kwanza kwenye programu, nzima, halafu panga picha juu yake. Achana na vile violezo vilivyokwisha kutengenezwa na madoido ya kurukaruka. Vimepimwa kwa mdundo wa mtu mwingine.

Kuhusu akili mnemba, nilijaribu kabla sijakujibu. Niliiandikia ubeti wako wote. Ikanipa mwanamke mzuri wa kupendeza, ameshika kikapu cha matete, kajifunga kitambaa kisicho kanga, nyuma yake milima. Ukindu hakuna, na vidole havisuki, vimewekwa tu. Mtu wa Kongo au wa Ulaya asiyewahi kuona mkeka wetu ataamini ndivyo ulivyo. Wewe umeandika juu ya mtu aliyeishi. Mpigie picha vitu vyake. Mkeka wake mmoja bado uko chumbani kwetu.

Muziki usiweke katika hii ya kwanza. Weka mchakacho wa ukindu chini kabisa ya sauti yako, uurekodi peke yake kwa karibu. Ukitaka wimbo siku nyingine, usichukue taarabu ya mtu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na mitandao yenyewe huzitambua nyimbo na kuzizima sauti. Sheria hiyo hiyo inakulinda na wewe, kwa hiyo jina lako na mwaka viandike mwishoni mwa video. Na ukimpiga mtu picha, mwombe ruhusa kwanza, hasa mtu mzima aliyekaa kwake.

Ukifika mwisho wa mwezi nitakupa ile kanda ya 1996, nimeshaihamishia kwenye kompyuta. Pana sekunde arobaini za Bibi, kinanda nimekiondoa, haina sauti kabisa. Nafikiri zinaweza kukaa chini ya ubeti wako wa tano, ukisoma wewe.

Lakini kwanza nitumie sauti, picha bado. Itume kama faili la hati kwenye WhatsApp, usirekodi humo ndani, inabana. Nitaisikiliza na mama yako Ijumaa baada ya Isha.

Wako,
Baba