Hasira ya mtumiaji ina sababu yake

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kwa nini watu hukasirika programu waliyoizoea inaposasishwa na kupoteza vipengele walivyokuwa wakivitumia kila siku, na kama hasira hiyo ni ya haki au ni ukaidi wa kukataa mabadiliko. Jibu langu ni kwamba ni ya haki, kwa sababu kitufe kinapoondolewa, huondoka pamoja nacho ujuzi ambao mtu ameugharimia kwa muda wake, na mara nyingi ujuzi huo ndio unaomlisha.

Ninaendesha duka la stesheneri mjini Morogoro. Kazi yetu kubwa ni kuchapa: barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha nyumba na, msimu wa kukabidhi tafiti unapofika, ripoti za wanafunzi wa vyuo zenye majedwali yasiyokwisha. Mchapaji mzoefu hahangaiki kutafuta amri kwenye skrini. Macho yake yako kwenye karatasi ya mteja iliyoandikwa kwa mkono, na vidole vinajua vyenyewe pa kwenda. Katika msimu mmoja wa namna hiyo, programu tuliyokuwa tukiitumia kuunganisha kurasa zilizoskaniwa ilijisasisha usiku, na asubuhi amri ya kupanga upya kurasa haikuwepo tena mahali pake. Ilikuwa imehamishiwa kwenye kifurushi cha kulipia kila mwezi. Foleni ya wanafunzi ilifika barazani. Dada anayechapa, ambaye kazi hiyo huimaliza mteja akiwa bado anatafuta pesa mfukoni, alikuwa akifungua menyu moja baada ya nyingine huku watu wakimtazama kana kwamba hajui kazi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: programu ilibadilishwa na watu wasiomjua, lakini aliyeaibika mbele ya wateja ni yeye.

Watengenezaji wa programu hujitetea kwamba watu watazoea. Ni kweli huzoea, lakini namna ya kuwafikisha huko huamuliwa na mtengenezaji, na zipo namna nzuri na mbaya. Microsoft ilipotoa Office 2007, menyu za zamani za Word na Excel ziliondolewa, pakawekwa utepe wa vitufe uliogawanywa kwa vichupo, na hapakuwa na mpangilio wowote wa kuzirudisha. Wengi walilalamika. Hata hivyo, mfuatano wa vitufe vya kibodi uliokuwa ukifungua menyu zile haukufutwa. Mtu aliyezoea kubonyeza Alt, kisha E, kisha S ili kubandika kwa namna maalumu katika Excel aliendelea kubonyeza vivyo hivyo, na kisanduku chake kikafunguka ingawa menyu yenyewe haikuwepo tena. Mhasibu wa siku nyingi aliweza kufunga hesabu za mwezi bila kupoteza kasi, huku akijifunza ule utepe taratibu. Ninautaja mfano huu kwa heshima, maana unaonyesha kwamba ndani ya kampuni ileile iliyoondoa menyu alikuwepo mtu aliyewafikiria watu wa kazi.

Windows 8 haikuwa na busara hiyo. Kitufe cha Start kilikuwa kimekaa kwenye kona ya chini kushoto tangu Windows 95, iliyotoka Agosti 1995. Oktoba 2012 kiliondolewa, na mahali pa menyu yake pakawekwa ukurasa mzima wa vigae vikubwa vilivyolenga skrini za kugusa, kwa kuwa soko lilikuwa likikimbilia tableti. Kampuni ilieleza kwamba takwimu zake zilionyesha watu wakiitumia menyu ile kidogo kuliko zamani. Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na watu wa takwimu. Kuhesabu mara ambazo kitu kinabonyezwa hakumwonyeshi mtu uzito wa kazi inayofanywa kinapobonyezwa. Amri inayotumika mara moja tu kwa mwezi huenda ndiyo inayotoa orodha ya mishahara. Watu walilazimika kupakua programu za pembeni, kama Classic Shell, ili wapate menyu yao. Kitufe kilirudi na Windows 8.1, Oktoba 2013, na menyu yenyewe ikasubiri hadi Windows 10, Julai 2015.

Kwa mtu asiyeona, jambo hili ni zito kuliko usumbufu wa siku chache. Anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, huikariri programu kwa mpangilio wake, kipengele hadi kipengele, na mpangilio ukivunjwa huanza upya kabisa. Mei 2024 Sonos, kampuni ya Marekani ya spika za nyumbani, iliibadilisha programu yake ya simu yote kwa mkupuo mmoja. Kipima muda cha kulala na uwezo wa kupanga foleni ya nyimbo havikuwemo katika toleo jipya, na wateja wasioona waliona kwamba kisoma skrini hakiwaongozi tena kama zamani. Hawa walikuwa wamekwisha kuzilipia spika zao. Mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani Julai mwaka huohuo; kampuni ilifikiria kuirudisha programu ya zamani ikaona haiwezekani tena, na Januari 2025 Spence akaondoka madarakani.

Lipo dhara jingine, nalo naliona kila wiki kwenye simu na kompyuta za wateja wangu. Mtu aliyeumizwa na sasisho moja huzima masasisho yote, na kwa kuwa masasisho hula bando, hapati sababu ya kuyawasha tena. Matokeo ya kukaa bila masasisho yanajulikana. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama la Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilohilo na kufunga mafaili ya kompyuta ambazo hazikuwa zimezibwa, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Sababu za kuchelewa kusasisha zilikuwa nyingi, na sidai kwamba waathirika wale walikuwa na chuki na masasisho. Lakini kampuni inayofunga kiraka cha usalama na mabadiliko ya sura katika furushi moja inamlazimisha mtumiaji achague kati ya usalama wake na kasi ya kazi yake, na uchaguzi huo hauna ulazima. Mozilla hutoa toleo la muda mrefu la Firefox, kivinjari chake cha intaneti, ambalo hupata viraka vya usalama kwa mwaka mmoja hivi bila kubadilishiwa vipengele.

Sipingi kuondoa vitu. Flash, programu ya kuonyesha video na michezo kwenye kurasa za intaneti, ilistahili kuondoka kwa matundu yake ya usalama, na mwenye programu hiyo, Adobe, ilitangaza Julai 2017 kwamba ingeiacha mwisho wa 2020, hivyo shule na ofisi zikapata zaidi ya miaka mitatu ya kuhamisha kazi zao. Ninachodai ni muda wa namna hiyo, na njia ya kurudi nyuma. Katika duka letu sasa kompyuta kadhaa zina LibreOffice, programu za bure za kuandika na kupiga hesabu, ambayo imebakiza menyu za zamani na kuweka mtindo wa vichupo kama hiari, na wachapaji wawili wanaweza kushika faili lilelile kila mmoja kwa mtindo wake.

Kwa wasomaji wenzangu nina ombi. Msikae kimya, wala msiishie kuandika kwamba toleo jipya ni baya. Elezeni ni kazi gani imekwama, ilikuwa ikifanywaje, na sasa inachukua hatua ngapi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, haikuruhusu tena majina ya madirisha yaliyofunguliwa yaonekane moja moja kwenye upau wa chini, jambo linalomsumbua sana mtu mwenye nyaraka nyingi za Word mbele yake. Watu waliieleza kero hiyo kwa Microsoft kwa miaka miwili, na mwaka 2023 majina yakarudishwa.